Kura ya Bi Kadija

Jogoo ndiye aliyetangulia. Asubuhi ile alizunguka ua mzima kama mtu aliyesahau alichofuata, shingo imepinda, bawa moja linaburura mchanga, kisha akalala ubavu karibu na kinu na hakuinuka tena. Bi Kadija hakumwona. Alikuwa chumbani mwake, amevaa nyeupe, na mjane aliye edani hatoki nje kwenda kumtazama jogoo anavyokufa. Alichokijua ni kwamba ua ulikuwa kimya kuliko kawaida, akauliza kupitia dirishani:

"Wifi, jogoo wangu mbona kanyamaza?"

Sada, mke wa kaka yake, alikuwa anapepeta ufuta nje. Nyumba zao mbili zilitazamana ndani ya ua mmoja, na mabanda yao ya kuku yaliegemeana mgongo kwa mgongo. Sada aliutua ungo, akamtazama jogoo.

"Yuko kivulini, wifi. Jua kali leo."

Uongo huo ulidumu mpaka jioni. Siku zilizofuata hapakuwa na uongo wa kutosha tena. Tetea walianguka mmoja baada ya mwingine, vifaranga wakafuata kwa mkupuo, na Sada akawa anawafukia nyuma ya choo kwa jembe, huku kuku wake mwenyewe wakija kuparura udongo palepale alipochimba. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kideri, tauni ya kuku, kilikuwa kimeingia kijijini Kitomanga, kilikuwa kimeingia ndani ya ua wao, lakini kuku wa Sada hata mmoja hakusinzia.

Na kuku wa Bi Kadija hawakuwa kuku wa kuwika tu. Mumewe, Mzee Abilahi, alipofariki, watu walichanga mazishi, wakachanga na matanga, na Bi Kadija alizihesabu zile huruma moyoni mpaka zikamchosha. Alisema mbele ya wanawake waliokuja kumliwaza kwamba siku atakayotoka edani, khitma ya mume wake italiwa kwa kuku aliowalea kwa mikono yake mwenyewe, na hatamsumbua mtu tena. Watu walimsifu sana siku ile. Sasa eda ilikuwa inaelekea ukingoni na banda lilikuwa tupu.

Ijumaa Zuhura alifika kutoka chuoni. Alikuwa binti pekee wa Sada, mwaka wa mwisho masomo ya afya ya mifugo, na utafiti wake wa kumalizia chuo ulikuwa ndio huohuo wa kuku wa Kitomanga. Aliingia uani na begi mgongoni, akaona upande mmoja manyoya yamezagaa na upande mwingine kuku wanadonoa. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaona?"

"Nimeona."

"Wewe usihuzunike." Bi Kadija alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu. "Mkono huu ulinivutia kijani. Mkono ulifanya kazi yake. Kama dawa yenyewe imekataa kwangu, basi ndivyo nilivyoandikiwa. Utafiti wako usiharibike kwa ajili yangu."

Zuhura alitamani shangazi yake amtukane. Alikaa pale mkono wake ukiwa umeshikwa, hakuthubutu kuuvuta, na hakuthubutu kuuacha.

Kura yenyewe ilikuwa imevutwa mwanzoni mwa kiangazi, ofisini kwa mtendaji, mchana kweupe. Zuhura alisimama mbele ya wafugaji akiwa na chungu chenye pete ndogo za plastiki za kuvisha miguu ya kuku, nusu za kijani, nusu za manjano. Aliwaeleza kwamba nyumba zenye rangi moja kuku wao wangetiwa tone la dawa jichoni, na zenye rangi nyingine wangetiwa tone la maji tu. Rangi ipi ni ya dawa, isingesemwa mpaka msimu uishe, na hapo waliopata maji nao wangepewa dawa.

"Kwa nini usiwape wote?" aliuliza Anjelina, mama mmoja Mmakonde mwenye ulimi mwepesi na kuku wengi.

"Nikiwapa wote na wote wakapona, mama, tutajuaje kama wameponywa na dawa? Huenda mwaka huu kideri hakikuja kabisa."

"Basi chagua mwenyewe. Wape wenye shida."

"Hapana. Nikichagua mimi, nitawapa ninaowapenda. Na kuku wakipona, hatutajua ni dawa au ni mapenzi yangu. Kura ndiyo inayotusaidia. Kura haina mama wala haina shangazi."

Watu walicheka. Ridhiwani, mtendaji wa kijiji, alipiga makofi, akasema mtoto huyu kasoma kweli. Kisha mikono ikaanza kuingia chunguni. Sada alitoa pete ya manjano. Bi Kadija hakuweza kuja kwa sababu ya eda, lakini alikuwa ametuma maneno: nivutie wewe, Zuhura, mkono wako ndio wangu. Zuhura aliingiza mkono wake kwa niaba ya shangazi, akatoa kijani.

Kanuni ilitaka hata mtafiti mwenyewe asijue chupa ipi ina nini. Lakini mtu wa maabara alikuwa likizo, na mwalimu wake alimwambia azijaze mwenyewe na asiseme. Kwa hiyo Zuhura alijua. Alipita nyumba kwa nyumba akidondosha matone, akifuata rangi kwa uaminifu wote, kijani kwa kijani, manjano kwa manjano, mpaka jua linateremka akafika kwao, na ndani ya kikapu zilikuwa zimebaki chupa mbili: moja yenye uzi wa kijani kwa kuku wa shangazi, na moja yenye uzi wa manjano kwa kuku wa mama yake.

Aliwatazama kuku wa mama yake. Wenzao waliowatangulia waliuzwa ili yeye asome, na mama yake alikuwa ameanza upya na tetea wachache, akiwaita kwa majina kama mtoto mdogo anayecheza. Shangazi alikuwa ndani, haoni. Zuhura alijiambia kwamba huenda kideri kisije mwaka huu. Alijiambia kwamba shangazi ana ndugu wengi wa kumsaidia, na mama yake ana yeye tu. Alijiambia mengi kwa muda mfupi, kama afanyavyo kila mtu anayejua tayari atakachofanya. Kisha akabadilisha chupa.

Watu wa Kitomanga hawakungoja msimu uishe ili waambiwe siri ya rangi. Wana macho.

"Mimi nilivuta manjano, banda limebaki nguzo," Anjelina alikuwa anasema bombani, ndoo yake ikijaa polepole. "Mtendaji kavuta kijani, jogoo wake anatuamsha kila siku. Tawakali hapa kijani, wazima. Mtoto wa chekechea anaona kwamba dawa ni kijani. Sasa nielezeni mimi mjinga. Kadija kijani, kuku wote chini. Wifi yake manjano, kuku wote juu. Na ua mmoja!"

"Labda imetokea tu," alisema Tawakali, mwanamke mpole aliyeuza vitumbua.

"Itokee Kitomanga nzima kwa hao wawili tu? Na wawe mawifi? Na mabanda yanagusana? Mwenzangu, kuku hawahamishiani uhai. Watu ndio wanaohamisha."

Anjelina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na banda tupu na alitaka pawe na sababu. Lakini neno lile, kuhamisha, liliondoka bombani na kuzunguka kijiji, na kila lilipopita lilinenepa. Mara Sada alionekana alfajiri akizunguka banda la wifi yake kinyumenyume. Mara alizika kitu nyuma ya choo, na hilo hata ushahidi lilikuwa nao, kwa sababu udongo ulikuwa umefukuliwa kweli.

Sada alianza kuyaona mambo madogomadogo. Alipofika bombani mazungumzo yalihamia kwenye bei ya ufuta. Aliweka ndoo yake nyuma ya ndoo ya Tawakali, na mtu akaisogeza kwa mguu ili zisigusane. Alipeleka uji wa mzazi kwa nyumba ya jirani. Bibi wa mtoto aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua, na Sada alipofika kwenye kona akageuka kuchukua kawa ya kufunikia bakuli aliyoisahau, akamkuta bibi yuleyule anaumwaga chini ya mgomba. Wote wawili walisalimiana upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Sada alirudi nyumbani bila kawa.

Kilichobaki ni simu ya mumewe. Mzee Idd alikuwa bado shamba, kwenye kibanda cha kulindia ufuta, lakini maneno hayahitaji njia nzuri.

"Mama Zuhura, dada yangu kafanywa nini huko?"

"Kuku wake wamekufa, baba Zuhura. Kideri."

"Na wako?"

"Wangu wapo."

"Haya," alisema mumewe. "Nitakuja tuzungumze." Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia kwamba atakuja wazungumze. Huwa anakuja tu.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, na simu ya mama yake ilikuwa na sauti kubwa. Aliyasikia yote. Alikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Dokta Sixbert, mwalimu wake, alifika na gari la chuo siku moja kabla ya mkutano wa kutangaza matokeo. Mgeni wa namna hiyo hapewi mchicha. Sada alikamata mmoja wa tetea wake, kuku akachinjwa na jirani, akapikwa kwa nazi, na pete ya manjano ikabaki juu ya kizingiti cha jiko. Zuhura alimtazama mwalimu wake akila sehemu ya utafiti kwa furaha, akasukuma sahani yake pembeni, akasema tumbo linamsumbua. Sada alimpelekea Bi Kadija sahani yake chumbani. Sahani ilirudi safi, na maneno juu yake: mtamu sana, wifi, Mungu akuzidishie.

Baada ya kunawa, Dokta Sixbert alifungua kompyuta yake juu ya meza. Alikuwa mtu mchangamfu aliyependa takwimu kama wengine wanavyopenda mpira.

"Kazi nzuri sana, Zuhura. Nilikuwa sijaona tofauti iliyo wazi namna hii kwa mwanafunzi. Ila nyumba hizi mbili." Aligusa kioo kwa kidole. Kulikuwa na nukta nyingi zimejikusanya juu, nyingi zimejikusanya chini, na nukta mbili zimekaa kila moja kwenye kundi lisilo lake. "Zimejitenga. Unajua ni za nani?"

"Najua."

"Katika utafiti hukosi wakaidi. Labda mwenye nyumba alichanganya kuku, labda pete zilidondoka. Ziko ua mmoja, siyo? Tunaziondoa. Unaandika sentensi moja kwamba kumbukumbu za kaya mbili hazikuaminika. Hakuna atakayeuliza."

"Zikibaki, dokta?"

"Zikibaki, tofauti bado ipo, lakini utaulizwa, na utatakiwa uwe na jibu." Alimtazama kwa mara ya kwanza bila kucheka. "Una jibu?"

Zuhura aliziangalia zile nukta mbili. Aliona jambo ambalo mwalimu wake hakuweza kuliona: zikibadilishana nafasi tu, kila kitu kingekaa sawa, bila mkaidi hata mmoja. Dawa ilikuwa imefanya kazi kila mahali ilipotiwa. Hapakuwa na muujiza Kitomanga wala uchawi. Palikuwa na yeye.

"Sina," alisema.

"Basi tunaziondoa," alisema Dokta Sixbert, na nukta mbili zikapotea. Zilipotea kirahisi mno. Nje, mama yake alikuwa anakusanya vyombo peke yake, na miongoni mwa wanawake ambao zamani wangekuja kumsaidia kupikia mgeni, hakuja hata mmoja.

Siku ya mkutano, kabla hawajaondoka, Zuhura alimkuta Sada ameketi kwenye kigoda, kanga ya kutokea iko mapajani, hajaivaa.

"Mama, huvai?"

"Nikiketi mbele watasema nina uso mkavu. Nikiketi nyuma watasema najificha. Nafikiria wapi pa kuketi."

"Mama, usiende. Nenda kwa shangazi, mkae. Mimi nita..."

"Nilikuona," alisema Sada.

Zuhura alichuchumaa mbele yake.

"Siku ya matone. Nilikuwa jikoni, moshi umenijaa machoni, lakini nilikuona. Uzi wa kijani ulikuwa kwa kuku wangu. Nilijua huwezi kunifanyia baya, kwa hiyo nilijua kijani ndiyo nzuri." Alikuwa anaikunja kanga na kuikunjua. "Ningekuita. Jina lako lilinifika mdomoni. Nikasema, acha, mtoto anajua anachofanya. Siyo kweli, Zuhura. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa."

"Mama, wanakuita mchawi. Kwa nini hukusema?"

"Nikuseme wewe? Wanifukuzie chuo mtoto?" Aliikunja kanga tena. "Wacha waniite. Kila nikimfukia kuku wa wifi yangu nilikuwa najisemea, hawa wamekufa badala ya wangu na mimi nilitazama. Sasa wakiniita mchawi, najibu nini? Naona kama wamekosea jina tu."

Walitazamana. Hapo Zuhura alielewa kwamba alikuwa amempa mama yake kuku wazima na kumnyang'anya usingizi, na kwamba alikuwa amefanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Alichukua kanga mapajani mwa mama yake, akamfunga.

"Keti mbele," alisema.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Sada aliketi dawati la mbele. Dawati lile lilikuwa la watu watatu, lakini alikaa peke yake mpaka mwisho.

Dokta Sixbert alitangaza kwamba kijani ndiyo ilikuwa dawa. Darasa zima lilicheka, na mtu akapaza sauti kwamba hilo hata kuku walishajua. Akasema waliotiwa maji wangepewa dawa leo hii, na kazi hiyo ilikuwa imebaki ndogo, kwa kuwa wengi hawakuwa na kuku wa kutiwa. Kisha akasema kaya mbili ziliondolewa kwenye hesabu.

Anjelina alikuwa amesimama tayari. "Kwa nini ziondolewe, mheshimiwa? Hizo ndizo tulizokuja kuzisikia."

"Mama, mambo hutokea kwa bahati tu."

"Bahati hiyo ina mwenyewe," ilisema sauti kutoka nyuma, na miguno ikapita darasani, na vichwa vyote vikageukia dawati la mbele. Sada aliinamisha uso akatazama mbao, mahali ambapo mtoto fulani alikuwa amechora gari.

"Nilibadilisha chupa," alisema Zuhura.

Hakusema kwa sauti kubwa. Ilibidi Ridhiwani amwambie arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. "Kuku wa mama yangu walipaswa kutiwa maji. Wa shangazi walipaswa kutiwa dawa. Nilibadilisha kwa mkono wangu. Hakuna aliyehamisha kitu. Mama yangu hakuroga mtu. Ni mimi."

Kama alitarajia watu wapumue, hawakupumua. Anjelina aliuliza, safari hii taratibu, bila ulimi wake wa bombani:

"Na wangu?"

"Wako sikuwagusa, mama. Nakuapia. Ulivuta manjano, nikakutilia manjano."

"Nitajuaje?"

Jibu la hilo halikuwepo.

"Ulitusimamisha pale ukasema kura haina mama," alisema Anjelina. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, tumeshindwa kihalali. Tulipowatupa kuku wetu sikumlaumu mtu, wallahi, na mimi hata siyo Mwislamu. Sasa nimlaumu nani? Niambie. Umebadilisha nyumba ngapi?"

"Hizo mbili tu."

"Mbili unazotuambia," alisema Tawakali mpole, ambaye kuku wake wote walikuwa wazima, na hilo lilimuumiza Zuhura kuliko yote. Kila nyumba ya manjano sasa ilikuwa inamtazama kama nyumba iliyoibiwa, na kila nyumba ya kijani kama nyumba iliyopendelewa.

Dokta Sixbert alifunga kompyuta. Hakumkaripia. Alimwita pembeni, karibu na ubao, akasema kwa upole ambao haukuwa na nafuu ndani yake: "Matokeo yako ni ya kweli, Zuhura. Jaribio ndilo la uongo. Siwezi kulitia saini. Utarudia mwaka, kama watakuruhusu kurudia. Na mimi pia nina la kujibu, nilikuachia chupa." Alifuta mikono yake kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika chaki.

Zuhura alikimbia. Alitaka amfikie shangazi yake kabla ya habari, lakini habari ilikuwa imeshapita kwa njia ya mkato. Bi Kadija alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni, tasbihi imekaa mkononi bila kusogea.

Zuhura alipiga magoti.

"Ulikuja hapa," alisema Bi Kadija, "nikakushika mkono huo. Nikauombea."

"Shangazi, nisamehe."

"Ngoja kwanza. Sijafika huko." Hakuwa na ukali, alikuwa kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Kuku wangu walipokufa nililia na Mungu wangu. Nilisema, wewe ndiye uliyetoa, wewe ndiye uliyechukua, na nikapata kulala. Kama kura ingeniangukia vibaya tangu mwanzo, vilevile ningelia naye, nikalala. Sasa nalia na nani, Zuhura? Nalia na mtoto niliyemwogesha?"

Zuhura alilia kwa sauti. Bi Kadija alimwacha alie, hakumgusa.

Baada ya muda Sada aliingia na tenga la kubebea kuku, limejaa, mabawa yanagonga vijiti. Alikuwa amewakamata wote, na alikuwa amewavua pete. Aliliweka tenga miguuni pa wifi yake, akaketi sakafuni kando ya binti yake, mahali pa mkosaji.

"Wako hawa, wifi. Wote. Niliona siku ile na nikanyamaza. Fanya khitma yako."

Bi Kadija alilitazama tenga, kisha akamtazama wifi yake.

"Na wewe," alisema.

"Na mimi."

"Siwataki hivyo. Nikiwachukua wote, Abilahi atasomewa kwa huruma za watu, na nilisema hatasomewa kwa huruma." Aliteremka kitandani, akakaa chini nao, nguo nyeupe zikatandaa kwenye mkeka. "Tuvute. Mmoja wangu, mmoja wako, mpaka waishe. Nianze mimi."

Zuhura alijisogeza ili alishike tenga lisitikisike.

"Wewe kaa pale," alisema Bi Kadija. "Ukutani. Mikono nyuma."

Zuhura alikwenda ukutani, akaweka mikono nyuma, mtu mzima aliyesoma, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kutoka pale alimwona vizuri yule tetea mwekundu mnono, bora kuliko wote, amelala upande wa kulia wa tenga, na upande wa kushoto kishingo mmoja mwembamba, asiye na manyoya kuanzia kichwani hadi kifuani, ambaye hata mama yake alikuwa anamwonea haya. Shangazi yake aliinua uso akatazama dari, kisha akaingiza mkono. Mkono ulipapasa, ukampita yule mwekundu, ukaelekea kushoto. Neno moja tu lingetosha. Hata kukohoa kungetosha. Zuhura alibana vidole vyake nyuma ya mgongo mpaka vikamuuma.

Bi Kadija alitoa kishingo. Alimshika miguu, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama alivyo, mifupa na ngozi, shingo tupu inageuka huku na huku. Tangu jogoo afe hakuna aliyemsikia akitamka neno lile kwa moyo mweupe, na sasa alilitamka polepole, kama mtu anayetua mzigo:

"Alhamdulillahi."

Kisha akamsogezea Sada tenga. "Haya, wifi. Zamu yako."